Masurufu ya Mama: Siku za Kwanza za Kiinitete cha Panya

(Mhadhara wa wazi uliotolewa Lyulilo, wilayani Kyela, Jumamosi baada ya soko la vyungu)

 

Tangazo la mhadhara huu lilipobandikwa, mzee mmoja alinisimamisha njiani akaniuliza kama nimeleta dawa ya panya. Nikamwambia sikuleta dawa, nimeleta panya mwenyewe, tena akiwa bado hajawa panya. Akasema huyo ndiye wa kuuawa mapema, kabla hajalijua gunia la mpunga. Namwona amekuja. Karibu sana, mzee wangu, leo panya huyo tumsamehe kwa saa moja.

Kusudi langu ni kueleza kinachotendeka ndani ya kiinitete cha panya katika siku nne na nusu za mwanzo, kabla hakijajishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba. Dai ninalolitetea ni hili: siku hizo za mwanzo kiinitete kinaishi kwa masurufu ya mama, yaani protini alizozifungasha ndani ya yai kabla baba hajafika. Anayesoma jeni bila kuhesabu protini atakosea hesabu ya siku hizo. Nitazipa hoja zangu namba kama walimu wangu walivyonizoesha, lakini nawaonya mapema kwamba hazilingani urefu.

Kabla ya hoja, tukubaliane maneno. Jeni ni maandishi yaliyomo kwenye DNA, ndani ya kiini cha seli. Seli ikihitaji kitu, hunakili kipande cha maandishi hayo kwenye RNA mjumbe. Hiyo leo nitaiita karatasi ya oda. Oda ikifika kwa mafundi wa seli, yaani ribosomu, hutengenezwa protini, na protini nitaiita gunia lililokwisha kuingia stoo. Wenye maduka mliopo hapa hamhitaji profesa awaambie kwamba karatasi ya oda hailiwi. Unaweza kuwa na oda ya magunia kumi na stoo mna mawili. Unaweza pia kuichana oda leo asubuhi, na magunia yaliyofika jana yakabaki palepale. Ukiushika mfano huo, nusu ya mhadhara umeshaipata.

Hoja ya kwanza: yai haliondoki mikono mitupu

Yai la panya mdogo wa nyumbani lina upana wa mikromita 80 hivi. Ukiyapanga mayai kumi na mawili kwa mstari, unapata milimita moja. Ni dogo, lakini kwa seli moja ni jitu, na ukubwa huo ni wa mzigo. Linapokua ndani ya ovari, yai hukusanya karatasi za oda na magunia kwa wingi. Likishafikia ukubwa wake kamili, hufunga kitabu: usomaji wa jeni husimama. Kuanzia hapo linaishi kwa kilichomo ndani.

Halafu inakuja mbegu ya kiume. Hapa akina baba nawaomba msinune. Mbegu huleta DNA, na huleta pia kichocheo cha kuliamsha yai, lakini mizigo mingine ni michache mno. Hata DNA hiyo hufika imekazwa kwa protini ziitwazo protamini, kama kamba ya nyavu iliyoviringwa ikabanwa. Yai huzivua protamini hizo na kuivalisha DNA ya baba protini nyingine, histoni, ambazo mama alikwisha kuziweka tayari. Kwa hiyo jeni za baba, kabla hazijasema neno, huvishwa nguo za mama.

Mwaka 1967 Ralph Brinster, mtafiti wa Marekani, alichapisha vipimo vya jumla ya protini katika viinitete vya panya tangu yai hadi siku ya tano. Yai lilikuwa na nanogramu 28 hivi, na nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Kiinitete kilipofika hatua ya morula, yaani rundo la seli kama tunda la forosadi, protini ilikuwa imeshuka hadi karibu nanogramu 21. Robo nzima imekwenda! Na wakati huohuo seli zimeongezeka kutoka moja hadi kumi na kadhaa. Siku hizo kiinitete hugawanyika bila kukua. Kipo ndani ya utando wake uleule, kikijikata vipande vidogo zaidi na zaidi. Protini mpya hutengenezwa, lakini za zamani huliwa haraka kuliko mpya zinavyoingia.

Kina mama wa Ikombe, ninyi mnaelewa. Mtu anapopanda mtumbwi na vyungu vyake kuja Lyulilo, chakula cha njiani amekifunga nyumbani. Katikati ya maji hapana duka. Kiinitete nacho kipo safarini, kinateremka kwenye mrija wa uzazi kuelekea mji wa mimba, na soko lake liko upande wa pili.

Hoja ya pili: kuna saa ya kukabidhiana

Masurufu hayawezi kutosha milele. Lazima ifike saa ambapo kiinitete kinafungua kitabu chake na kuanza kuandika oda zake. Kwa panya, saa hiyo huja mapema ajabu, kikiwa na seli mbili tu. Minong'ono husikika kabla, mwishoni mwa seli moja, lakini sauti kamili ni ya seli mbili.

Watu walijuaje? Kwa sumu ya uyoga. Upo uyoga wa Ulaya wenye sumu iitwayo amanitini, na sumu hiyo huzuia kunakili jeni kwenye RNA. (Kina mama mnaookota uyoga masika mnajua kwamba kuujua wa kuuacha ndiyo elimu yenyewe.) Ukikiweka kiinitete cha seli moja kwenye amanitini, kitu cha kushangaza hutokea: kinagawanyika kama kawaida, kikawa seli mbili. Oda za mama zilikwisha kuandikwa, na sumu haiwezi kuzifuta. Lakini kikifika seli mbili kinakwama, hakisogei tena. Mwaka 1982 kundi la watafiti wa Cambridge, wakiwamo Martin Johnson na Peter Braude, walieleza kwa kina kukabidhiana huku kwa kufuatilia protini zilizokuwa zikitengenezwa saa baada ya saa ndani ya kiinitete cha seli mbili. Miaka sita baadaye Braude, Virginia Bolton na Stephen Moore walionyesha kwamba kwa binadamu saa hiyo huchelewa kidogo, kati ya seli nne na nane.

Katika kukabidhiana huko oda mpya zinaandikwa, na oda za zamani zinachanwa. Sehemu kubwa sana ya RNA ya mama huharibiwa kwa makusudi kufikia hatua ya seli mbili. Mkuu mpya wa ofisi ameingia, anachoma majalada.

Mwaka 1983 watafiti wa Taasisi ya Pasteur, Paris, waliripoti kwamba miongoni mwa protini za kwanza kabisa ambazo kiinitete kinajitengenezea kwa wingi ni zile za jamii ya mshtuko wa joto. Ni protini ambazo seli huzitoa ikipata dhiki, na kazi yake ni kuzisaidia protini nyingine zijikunje vizuri zisiharibike. Mimi huziita wakunga wa protini. Wakunga wa hapa wakiniruhusu, nitaendelea kuziita hivyo: kabla ya wengine kuzaliwa, mkunga ameshafika.

Hoja ya tatu: oda si gunia, na hapa ndipo penye ugomvi

Kwa miaka mingi wanasayansi walihesabu karatasi za oda. Walikuwa na sababu. RNA inaweza kuzidishwa maabara. Ukipata chembe chache unaifanya mamilioni, kisha unasoma. Protini haina hila hiyo. Hakuna njia ya kuizidisha. Unapima uliyonayo, basi. Na uliyonayo ni nanogramu 28.

Kwa hiyo fikirini ukaidi wa kundi moja la China lililochapisha kazi yake mwaka 2017 katika jarida la Cell Reports. Walikusanya viinitete 8,000 vya kila hatua: seli moja, mbili, nne, nane, morula na blastosisti, hatua ya mwisho kabla ya kujishikiza. Hatua sita, viinitete 48,000. Nilikaa nikapiga hesabu ya mkono: yai moja likiwa na nanogramu 28, viinitete 8,000 vya seli moja vinatoa protini yenye uzito wa robo ya miligramu, hata haifiki. Punje moja ya mchele wa Kyela ina uzito wa miligramu 20 hivi. Maana yake, kazi yote ile ya mikono na hadubini, kwa hatua moja, ilizaa kitu chenye uzito wa chini ya sehemu moja ya themanini ya punje ya mchele.

Kutoka kwenye kipande hicho, kwa mashine inayopambanua molekuli kwa uzito wake, walitambua karibu protini 5,000 za aina mbalimbali. Nao waliona kwamba stoo ya seli moja haifanani na ya seli mbili hadi nane, na kwamba morula na blastosisti zina sura yao tena. Hatua za kati, mbili hadi nane, zinafanana fanana. Mtu aliyekuwa akisoma oda tu angetarajia geuko kubwa liwe pale seli mbili na basi. Stoo inasema mambo yanakwenda kwa mwendo wake, gunia la zamani linakaa, jipya linachelewa.

Mwalimu mmoja hapa mbele amenyoosha mkono, anauliza ni panya wangapi walikufa. Ni swali la haki. Panya jike akipewa homoni anaweza kutoa mayai ishirini, thelathini. Kwa hesabu ya haraka tunazungumzia majike kama elfu mbili. Sisemi ni kidogo. Nasema ndiyo sababu kazi kama hiyo hufanywa mara chache na lazima matokeo yake yatumiwe na wengi, wakiwamo sisi.

Lakini ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa jeni moja, na uliripotiwa mwaka 2000 na watafiti wa Marekani. Jeni hiyo wanaiita Mater, na jina si la bahati, kwani kwa Kilatini ni mama. Walitengeneza panya jike asiye nayo. Jike huyo amezaliwa mzima, amekua mzima, anapevusha mayai, anapandwa, mayai yanarutubishwa. Kila kiinitete chake kinagawanyika mara moja, kinakuwa seli mbili, kinasimama. Hazai kamwe. Na hapa sikilizeni vizuri: hata dume akileta nakala nzima ya jeni hiyo, haisaidii! Nakala ya baba inafika wakati kazi ya protini hiyo ilishapaswa kuanza. Masurufu hayakufungwa nyumbani.

Sasa tazameni oda na gunia. RNA ya Mater haionekani tena kiinitete kinapofika seli mbili, oda imechanwa. Protini ya Mater ipo mpaka blastosisti. Mtu anayehesabu karatasi angesema siku ya pili: hapa hakuna Mater. Anayehesabu magunia angemwonyesha limekaa pale pembeni.

Na yule jike tasa, yeye mwenyewe alizaliwaje? Mama yake alikuwa na nakala moja nzima, akamfungia masurufu. Kasoro ya binti haikumdhuru binti; ilingoja, ikawapata watoto wa binti. Nimewahi kusikia watu wakimtazama mwanamke asiyezaa na kutafuta kosa katika mwenendo wake. Panya si binadamu, nisieleweke vibaya, na sababu za utasa ni nyingi, za wanaume zikiwamo. Lakini tangu nilipoielewa Mater, mazungumzo ya namna hiyo yananichosha zaidi kuliko zamani.

Hoja ya nne: mfinyanzi na viungo vya udongo

Hoja hii niliiandaa kwa maneno mengi. Nikapita sokoni leo asubuhi, nikaifupisha.

Kiinitete cha seli nane mwanzoni ni kama matofaa manane ndani ya mfuko, kila moja linaonekana pande zote. Kisha, katika muda wa saa chache, seli zinabanana, mipaka inapotea, na unaona kitu kimoja laini. Nilipomwona mama mmoja akieleza jinsi anavyousugua udongo mpaka maungio yasionekane, nilijiambia: hii ndiyo. Anayefanya kazi hiyo kwenye kiinitete ni protini iitwayo E-kadherini, inayosimama kwenye ngozi ya seli na kushikana na mwenzake wa seli ya jirani. Inahitaji kalsiamu. Ondoa kalsiamu kwenye maji ya kiinitete, na matofaa yanarudi manane. Na E-kadherini ya kwanza ni ya nani? Ya mama, imo tangu kwenye yai.

Baada ya kubanana kuna walio nje na walio ndani, na kuanzia hapo hatima zinatengana. Seli za nje huwa na protini Cdx2 na zitatengeneza kondo la nyuma. Za ndani hubaki na Oct4, na humo ndimo atakamotoka panya. Seli za nje husukuma chumvi ndani, maji yanafuata, na siku ya tatu na nusu kiinitete kimekuwa mpira wenye maji, blastosisti. Hizo seli za ndani ndizo Martin Evans na Matthew Kaufman walizozikuza Cambridge mwaka 1981 zikawa seli shina. Kisha blastosisti hutoboa utando wake, hutoka, na kufikia siku ya nne na nusu hujishikiza. Mtumbwi umefika ufukweni, duka limefunguliwa, damu ya mama ipo karibu.

Wauguzi watanisaidia kukumbusha kwamba kwa binadamu safari hii huchukua siku sita au zaidi, na kwamba kipimo cha mkojo kwa siku zote hizo hakijui lolote, kwa sababu homoni kinayoitafuta huanza kuonekana kiinitete kinapojishikiza. Yote niliyoyasimulia leo hutokea kabla mwanamke hajajua.

Anne McLaren na John Biggers walionyesha mwaka 1958 kwamba safari hiyo inaweza kupitia kwenye chombo cha maabara: walikuza viinitete vya panya nje ya mwili, wakavirudisha kwa mama wa kulea, wakazaliwa panya wazima. Miaka ishirini baadaye, Julai 1978, Uingereza alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza wa binadamu kuanzia safari hiyo maabara. Daktari anayechagua leo kiinitete kipi akirudishe kwa mama bado hutegemea zaidi macho yake; stoo ya ndani haioni.

Hoja ya tano: kwa nini Lyulilo

Niliambiwa panya wa Cambridge na China hawatuhusu. Basi tutazame ziwani. Samaki nao hufungasha, tena kwa wingi kuliko panya, kwa sababu yai lao halitapata mji wa mimba wa kujishikiza. Kwa samaki-pundamilia, yule mdogo wa maabara, kukabidhiana huja kama saa tatu baada ya kurutubishwa, kiinitete kikiwa tayari na seli karibu elfu moja. Panya anakabidhi baada ya mgawanyiko mmoja, samaki baada ya kumi. Mwenye masurufu mengi hana haraka ya kufungua kitabu.

Mbuna, samaki wetu wa miambani, hubeba mayai mdomoni kwa wiki tatu hivi. Mayai ni machache, makubwa, ya manjano kwa kiini. Mvuvi akimshika jike mwenye mdomo uliojaa, ameshika viinitete kadhaa vya umri mmoja, bila homoni, bila kumpasua. Mtafiti wa panya angetusikia angetuonea wivu.

Na huko juu kidogo, Rungwe, lipo ziwa la kreta la Kisiba, wengine wanaliita Masoko. Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa pamoja na taasisi yetu ya uvuvi, TAFIRI, kuhusu samaki wa ziwa hilo: madume ya manjano pembezoni, madume ya bluu kwenye kina, jamii moja iliyoanza kugawanyika ndani ya miaka elfu moja hivi iliyopita. Kazi iliyofuata, ya mwaka 2022, ilikuta kwamba makundi hayo yanatofautiana pia katika alama za kikemia zilizobandikwa juu ya DNA, alama zinazogusa kipi kisomwe na kipi kifungwe. Zote hizo ni habari za kitabu na oda. Stoo je?

Vifaa vya kupima protini za seli moja moja vimeshaanza kutumika duniani. Hatutahitaji 8,000. Pengine tutahitaji mdomo mmoja wa samaki. Wanafunzi wa kidato cha tano na sita mliokaa kwenye ule ukuta, mimi nitakuwa nimezeeka, lakini swali nawaachia sasa hivi: jike wa kina kirefu cha Kisiba, penye giza na baridi, na jike wa pembezoni penye jua, wanawafungia watoto wao masurufu yaleyale?

Jumamosi ijayo nitarudi na hadubini ya shule. Mvuvi mmoja ameniahidi mayai ya mbuna, akiyapata kabla ya saa nne. Mzee wangu wa dawa ya panya, kiti chako nitakiweka mbele.